Kuokoa Fedha za Chama katika Ununuzi wa Vipuri vya Magari

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa pamba)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa dereva na fundi, nalo ni ununuzi wa vipuri vya magari ya vyama vyetu. Huenda baadhi yenu mkastaajabu kumsikia mkaguzi wa hesabu akizungumza habari za klachi na beringi. Lakini katika vitabu ninavyovifungua kila mwaka, fungu linalonitia mashaka mara nyingi kuliko mengine ni lile liitwalo "Matengenezo ya Gari". Chama kikinunua bati, nitaliona juu ya ghala. Kikinunua meza, nitaikuta ofisini. Lakini kipuri kikishafungwa chini ya gari, hakionekani tena. Kinachobaki mbele yangu ni kipande cha karatasi na neno la mtu.

Gari la chama si la dereva, wala si la katibu, wala si la mwenyekiti. Limenunuliwa kwa makato ya kila kilo ya pamba iliyopimwa kwenye mzani, na kila nati inayowekwa humo imelipiwa na mkulima aliyeinama shambani tangu Novemba. Kwa sababu hiyo kuokoa fedha za vipuri ni wajibu wa uongozi, na fundi peke yake hawezi kuubeba.

Neno langu kubwa leo ni hili: fedha za vipuri haziokolewi kwa kubishana bei kwenye kaunta ya duka. Sehemu kubwa huokolewa kabla ya kwenda dukani, kwa kujua hasa kinachotakiwa. Na sehemu nyingine huokolewa baada ya kutoka dukani, kwa kuandika na kutunza. Anayeanzia kwenye kaunta amekwisha chelewa.

BEI NA GHARAMA

Tuanze na hesabu ndogo. Tuseme klachi pleti moja ya lori inauzwa shilingi 300,000, nayo ikifungwa vizuri hutembea kilomita 60,000. Nyingine inauzwa shilingi 120,000, lakini hutembea kilomita 15,000 tu. Fundi hutoza shilingi 80,000 kila anaposhusha gia boksi. Takwimu hizi ni za mfano, kila mmoja wenu aweke bei za mahali pake.

Ile ya kwanza, pamoja na ufundi, itagharimu shilingi 380,000 kwa kilomita 60,000. Ile ya pili itabidi inunuliwe mara nne ili ifike umbali huohuo, na kila mara ni shilingi 200,000 pamoja na ufundi. Jumla ni shilingi 800,000. Katibu aliyefurahi kwamba ameokoa shilingi 180,000 dukani amekipotezea chama shilingi 420,000 barabarani. Ikiwa chama hubakiza shilingi 30 kwa kila kilo, hizo ni kilo 14,000 za pamba zilizochumwa, zikabebwa kichwani na kupimwa, ili zilipe kosa moja la hesabu.

Tena hapo sijahesabu siku ambazo lori limesimama. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na kwa gari la chama huvunja msimu. Basi kila mara tunapopewa bei, tujiulize: kipuri hiki kitatembea kilomita ngapi, na kukifunga kutagharimu kiasi gani? Ndiyo maana klachi inapofunguliwa yafaa pleti, presha pleti na rilizi beringi vitazamwe kwa pamoja, na kilichochoka kibadilishwe papo hapo. Beringi moja iliyochoka ikirudishwa ndani ili kuokoa fedha kidogo, itamlazimisha fundi kulishusha tena gia boksi lilelile.

KWANZA UJULIKANE UGONJWA

Nilipata kukagua chama kimoja, ambacho jina lake halina haja ya kutajwa hapa. Kwa muda wa miezi kumi na minne chama hicho kilinunua betri sita kwa lori moja. Lori lile hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24, kwa hiyo zilikuwa jozi tatu. Kila jozi ilipokufa, dereva alisema betri za siku hizi ni mbovu, na kamati ikaidhinisha nyingine. Jozi ya tatu ilikufa mwezi Juni, katikati ya ununuzi. Lori likasimama siku tisa, ghala likajaa mpaka mlangoni, na chama kikakodi gari la mtu binafsi kupeleka pamba kiwandani.

Baadaye fundi umeme aliletwa. Hakuwa na chombo kikubwa, alikuwa na mita ya mkononi tu. Aliwasha injini, akapima kwenye betri, akakuta volti hazipandi. Betri za volti 24 zikichajiwa sawasawa, injini ikiwa inanguruma, mita huonyesha kati ya volti 27.6 na 28.8 hivi, kwa betri moja ya volti 12 ni kati ya 13.8 na 14.4. Alipotazama mbele akaona feni belti imelegea na kung'aa kwa kuteleza, hivyo alteneta ilikuwa haizungushwi inavyopasa. Betri zote sita zilikufa kwa njaa. Dawa yake ilikuwa belti moja na kuikaza.

Fundisho la habari hii ni kwamba kipuri ghali kuliko vyote ni kile kisichohitajiwa. Kabla kamati haijaidhinisha ununuzi, iulize maswali mawili: nini kimeharibika, na nini kimekiharibu? Swali la pili ndilo linalosahauliwa. Tairi likiisha pande zote mbili na katikati likabaki, limekuwa likitembea na upepo mdogo. Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha upande mmoja, magurudumu hayako sawa au kuna kiungo cha usukani kilicholegea. Kununua tairi jipya bila kurekebisha chanzo ni kumnunulia mgonjwa shuka badala ya dawa. Hali kadhalika klachi inayoungua kila mara huenda inauawa na mguu wa dereva asiyeuondoa kwenye pedali, au na mzigo uliozidi uwezo wa gari katika matope ya mbugani. Nozeli zinazokufa upesi huenda zinapokea dizeli yenye maji, kwa sababu hakuna aliyeondoa maji kwenye filta.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Grisi, maji ya rejeta, oili kwa wakati wake, na upepo wa tairi ndivyo vipuri vya bei ndogo kuliko vyote.

NAMBA YA KIPURI

Ugonjwa ukishajulikana, kazi inayofuata ni kukitaja kipuri kwa namba yake. Makatibu wengi humtuma dereva mjini na maneno haya: "Leta brekipedi za Hilux." Maneno hayo hayatoshi. Hilux ziko za miaka mingi na za injini mbalimbali. Yenye injini ya 3L na yenye 5L zaweza kufanana kwa nje kama mapacha, lakini vipuri vyake vya injini visifanane vyote. Mwenye duka atatoa alicho nacho, kipuri kitasafiri kwa basi, fundi atakijaribu na kukuta kimezidi kwa milimita tano. Hapo mtalipa nauli ya kukirudisha, na huenda muuzaji akakikataa kwa kuwa kimekwisha chafuka.

Kila gari la chama liwe na ukurasa wake katika daftari. Juu ya ukurasa ziandikwe namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya injini na mwaka wa kutengenezwa. Namba ya chasisi inakiliwe kutoka kwenye gari lenyewe na kulinganishwa na ile iliyo katika kadi. Gari lililotengenezwa kwa soko la nje aghalabu lina namba yenye tarakimu na herufi 17. Lililotumika Japani kisha likaletwa kwetu huwa na namba fupi zaidi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha namba yake. Zote mbili ni halali, na kwa namba hiyo muuzaji mwenye kitabu cha vipuri atapata kipuri kinachotakiwa hasa.

Kisha kila kipuri kinachonunuliwa, namba yake iandikwe. Vipuri vya Toyota, kwa mfano, huwa na tarakimu tano, kistari, halafu tarakimu au herufi nyingine tano. Zile tano za kwanza hutaja aina ya kipuri: 04465 ni brekipedi za mbele, 31250 ni klachi pleti. Zinazofuata hutofautisha gari moja na jingine. Katibu mwenye namba kamili anaweza kupiga simu maduka matatu Mwanza au Kariakoo akiwa amekaa ofisini, akapewa bei tatu za kitu kilekile. Asiye na namba hupewa bei tatu za vitu vitatu mbalimbali, akadhani amelinganisha.

Beringi ni mfano bora zaidi. Namba iliyochongwa juu yake hutumika dunia nzima. Beringi yenye namba 6205 ina kipenyo cha ndani cha milimita 25, cha nje milimita 52, na upana wa milimita 15, awe ameitengeneza nani. Kwa hiyo hamna sababu ya kulipia sanduku lenye jina la gari wakati namba hiyohiyo inapatikana kutoka kwa mtengenezaji wa beringi mwenye sifa.

SANDUKU NA ALIYEMO NDANI

Yawapasa kujua kwamba kiwanda cha magari hakitengenezi kila kipande cha gari. Kampuni nyingine hutengeneza vipuri na kuviuzia viwanda vya magari, kisha huviuza pia katika masanduku yao wenyewe. Kwa magari ya Kijapani tunayotumia, Denso hutengeneza vifaa vya umeme na pampu za dizeli, Aisin na Exedy hutengeneza klachi, Koyo, NSK na NTN hutengeneza beringi, NOK hutengeneza oili sili, na Bando na Mitsuboshi hutengeneza belti. Mara nyingi kipuri katika sanduku la mtengenezaji wake huwa na bei ndogo kuliko katika sanduku la jina la gari, na ubora wake hauna aibu. Hapa ndipo penye akiba ya halali.

Lakini majina hayohayo ndiyo yanayoigwa. Vipuri bandia vina masanduku mazuri, hata alama za kung'aa huigizwa. Basi msitazame sanduku peke yake. Chukueni kipuri cha zamani mwende nacho. Linganisheni uzito, kipenyo, idadi ya meno, na matundu ya skrubu. Jina katika beringi huchongwa kwenye chuma, halibandikwi kwa karatasi. Maandishi yenye herufi iliyokosewa ni onyo. Na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine yote ni onyo kubwa zaidi, kwa maana hakuna mfanyabiashara anayemgawia mtu asiyemjua faida yake bila sababu.

KIPYA NA KILICHOTUMIKA

Wako wanaosema chama kisinunue kamwe kipuri kilichotumika, na wako wanaonunua kila kitu kilichotumika. Wote wamekosea. Mlango, boneti, kioo cha pembeni, taa, bampa, kiti na rimu isiyo na ufa vinaweza kununuliwa vikiwa vimetumika, na fedha nyingi zikaokolewa. Gia boksi na difu navyo huweza kununuliwa, iwapo fundi wa chama amevikagua na muuzaji ameandika muda wa dhamana kwenye ankara. Dhamana ya mdomo huishia mlangoni mwa duka.

Lakini breki, boljointi na viungo vyote vya usukani, mipira ya breki, belti, oili sili, filta na tairi visinunuliwe vikiwa vimetumika, hata vikitolewa kwa nusu ya bei. Lori letu hurudi kutoka kiwandani na vibarua wamekaa juu ya maturubai. Hakuna akiba inayoweza kuwekwa mizani moja na watu hao. Breki zibadilishwe pande zote mbili za ekseli moja kwa wakati mmoja, ili gari lisivute upande. Na hata tairi jipya litazamwe umri wake: baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka. Tairi lenye 2322 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2022. Lililokaa dukani miaka mingi juani limekwisha zeeka kabla ya kugusa barabara.

KARATASI NA KIPURI CHA ZAMANI

Narudi kwenye chama kile cha betri sita. Katika mkutano mkuu uliofuata, wajumbe walisema mengi juu ya belti na alteneta. Bibi mmoja mwanachama, aliyekuwa amekaa nyuma, akainua mkono akauliza: "Na zile betri za zamani ziko wapi?" Ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu, wala hakuna lililoandikwa. Betri chakavu zina risasi ndani yake na huuzwa kwa kilo; kwa hiyo chama kilikuwa kimepoteza pia thamani ya chakavu. Lakini lililoumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyeweza kuwathibitishia wanachama kwamba betri sita zilinunuliwa kweli. Labda zilinunuliwa. Mimi mwenyewe, pamoja na risiti zote mbele yangu, sikuweza kuapa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nawashauri mfuate utaratibu ufuatao, ambao hauhitaji fedha yoyote:

1. Dereva aandike ombi, fundi aandike ugonjwa na chanzo chake, na namba ya kipuri itajwe.

2. Bei tatu za namba hiyohiyo zipatikane na kuandikwa, pamoja na jina la aina na muda wa dhamana.

3. Anayekwenda kununua asiwe ndiye anayepokea. Mtunza stoo au mjumbe mmoja wa kamati akipokee kipuri, alinganishe namba na ankara, akiingize katika leja kabla ya kutolewa kwa fundi.

4. Risiti iwe ya mashine ya kielektroniki, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, nayo iambatanishwe na ankara inayotaja namba ya kipuri na namba ya gari. Risiti inayosema "vipuri, shilingi 450,000" haimwambii mkaguzi kitu.

5. Kipuri kipya kisitolewe stoo mpaka cha zamani kimerudi. Cha zamani kitiwe alama ya rangi, kiandikwe, kitunzwe mpaka ukaguzi upite, kisha kiuzwe kwa kibali cha kamati na fedha ziingie katika kitabu.

6. Kilomita ziandikwe siku kipuri kilipofungwa. Kikifa, ziandikwe tena. Baada ya misimu miwili daftari lenyewe litawaambia ni aina gani inafaa na ni duka gani linadanganya.

Sisemi haya kwa kuwadhania madereva na mafundi wizi. Wengi wao ni waaminifu, na utaratibu huu ndio unaowalinda. Mtu mwaminifu asiye na karatasi hana tofauti, mbele ya mkutano mkuu, na mtu mwizi. Lakini pia tusifichane: yupo mwenye duka anayeuliza, "Niandike ngapi?" Jibu la swali hilo liwe limekwisha tolewa na utaratibu wa chama kabla dereva hajafika pale.

KUNUNUA KWA PAMOJA

Neno la mwisho ni la ushirika wenyewe. Sisi tunajua kuuza pamba kwa pamoja, lakini twanunua kila mtu peke yake. Chama kimoja hununua filta mbili, jirani yake filta mbili, kila mmoja kwa bei ya rejareja na kila mmoja kwa nauli yake. Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei. Ikiwa mwezi Februari kila katibu angeleta orodha yake ya filta, belti, brekipedi na tairi, yenye namba kamili, Chama Kikuu kingeweza kuomba bei ya jumla kwa niaba ya wote, kikatoa agizo moja, na mzigo ukaletwa mara moja. Tena muuzaji humwogopa mteja mkubwa. Kipuri kibovu kitarudishwa bila ugomvi.

Tahadhari ni moja. Yasinunuliwe ila yale yanayojulikana kwa hakika kuwa yataisha, na kwa magari yaliyopo. Stoo iliyojaa vipuri vya gari lililokwisha uzwa ni fedha zilizozikwa. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuanza bila ule ukurasa wa daftari nilioutaja.

Ndugu Mwenyekiti, waliotutangulia waliona vyama vikuu vikivunjwa mwaka 1976, na ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1982 ili virudishwe. Hilo lilikuwa tendo la siku moja, kila mtu alilisikia. Lakini chama huweza pia kufa bila tangazo lolote: lori limesimama, pamba imelundikana, mkulima mmoja anampelekea mnunuzi mwingine gunia moja, kesho yake mawili, na mwakani haji kabisa. Katika mwezi ule wa Juni, chama nilichokitaja kilipoteza wanachama kwa sababu ya belti iliyolegea. Baadhi yao hawajarudi mpaka leo.

Basi naomba kila katibu aliyemo humu, akifika nyumbani, kabla ya jambo lingine, atoke nje na kalamu, aiandike namba ya chasisi ya gari la chama chake. Akimaliza, ainue boneti, aibonyeze feni belti kwa kidole.